Taa na Prizi: Kuzipanga Kabla ya Kujenga Nyumba



Katika somo hili tunataka kutazama jambo moja ambalo watu wengi hulikumbuka wakati nyumba imekwisha kufunikwa mabati. Jambo lenyewe ni hili: taa zitakaa wapi, prizi zitakaa wapi, na nyaya zitapita wapi. Fundi akiulizwa juu ya mlango na dirisha, anajibu mara moja. Akiulizwa juu ya waya, anasema: «Hiyo tutaangalia nyuma.» Basi nyuma ndipo ukuta mpya unapopigwa nyundo, krepi inaanguka, waya unaning'inia juu ya kitanda cha mtoto, na baba anatoa feza mara ya pili kwa kazi moja.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi leo tunasema: usipopanga waya utabomoa ukuta.

Somo hili ni la fizika, ni la hesabu, tena ni la maisha. Wengi wenu mtajenga. Wengine mko na wazazi wanaochoma matofali sasa hivi. Chukueni karatasi na kalamu, tuanze.

1. UMEME UKO WAPI?

Mtu atauliza: «Hapa Kabambare umeme uko wapi hata tupange prizi?» Swali hili ni la haki. Tulijibu kwanza.

Nchi yetu ina maji yenye nguvu nyingi sana. Kule Inga, katika mto Kongo, mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1972, na wa pili mwaka 1982. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waya mkubwa ulivutwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700, kusudi umeme ufike kwenye machimbo ya shaba. Waya ule ulipita juu ya vijiji vingi bila kuviachia hata taa moja. Katika Maniema yetu, kule Kalima, umeme wa mto Lutshurukuru ulitengenezwa kwa ajili ya machimbo ya bati. Na Namoya, katika teritware yetu, machimbo makubwa ya dhahabu yalipoanza biashara mwaka 2016, yalijiwashia umeme wao wenyewe kwa grupu za mazutu. Mnaona mfuatano huu: umeme ulikuwa ukifuata madini, haukuwa ukifuata nyumba za watu. Mpaka leo, katika Kongo nzima, karibu mtu mmoja tu kati ya watano ndiye aliye na umeme, na wengi wao wako mijini.

Lakini mambo mawili yamebadilika.

La kwanza, pano za jua zimefika. Zinakuja juu ya pikipiki, pamoja na batri na ampulu za LED, na watu wa kawaida wanazinunua. Jua halikuomba ruhusa ya machimbo.

La pili, sheria. Tangu SNEL iundwe mwaka 1970, kwa miaka mingi ndiyo peke yake iliyokuwa na kazi ya umeme wa watu wote. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango huo. Sasa kampuni nyingine, ao watu wa mahali, wakipata ruhusa wanaweza kujenga mtambo mdogo wa maji ao wa jua na kuuza umeme. Hivi leo Kabambare haina mtandao wa SNEL. Lakini nyumba ya matofali ya kuchoma inakaa miaka 40 ao 50. Nani atakayeapa kwamba kwa miaka yote hiyo umeme wa volti 220 hautafika?

Kwa hiyo nyumba ya leo inahitaji kupangwa kwa vitu viwili: jua la volti 12 kwa sasa, na umeme wa volti 220 kwa siku inayokuja.

2. ANZA NA KAZI, USIANZE NA MGENI

Watu wengi wakipata ampulu moja wanaitia sebuleni. Kwa nini? Kwa sababu ndipo mgeni anapokaa. Ya pili wanaitia barazani, kusudi wapita njia waone kwamba nyumba hii iko na mwanga. Jiko linabaki na moto wa kuni. Meza ya mwanafunzi inabaki na taa ya petroli ao tochi ya simu.

Sisi tunasema mpango wa namna hii umepinduka. Jua linazama kwetu karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, na usiku una saa kumi na mbili. Tuulize: katika saa hizo, nani anafanya kazi, na pahali gani? Mama na dada wako jikoni, wanachambua sombe, wanageuza ugali, wanaosha sahani, kisu mkononi na moto karibu. Mwanafunzi anasoma. Mtoto anakwenda chooni, na njiani nyoka anaweza kuwapo. Mgonjwa anaamka usiku kutafuta dawa. Hao wote wanahitaji mwanga kabla ya mgeni. Mgeni anaweza kuzungumza hata gizani, lakini hakuna anayeweza kuchagua mawe ndani ya mchele gizani.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora taa hata moja, andika orodha ya watu wa nyumba, na mbele ya kila jina andika kazi yake ya usiku. Orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha pahali pa taa.

Jiko. Kwetu jiko mara nyingi linasimama nyuma, mbali na nyumba kubwa. Lipangie waya wake tangu mwanzo. Taa isikae juu ya mafiga moja kwa moja, sababu moshi na joto vitaiharibu. Iwe kando, juu ya meza ya kukatia, mbele ya mwenye kufanya kazi, si nyuma yake. Ikiwa nyuma, kivuli chake mwenyewe kitaangukia kisu.

Meza ya kusomea. Hapa kumbukeni fizika. Mwanga unaoangukia daftari hupungua kwa mraba wa umbali. Ampulu iliyo mita 2 juu ya daftari inatoa robo tu ya mwanga ambao ampulu ile ile ingetoa ikiwa mita 1. Basi ampulu ya wati 3 iliyoshushwa mpaka mita 1 inaangaza daftari kuliko ampulu ya namna moja ya wati 10 iliyobandikwa mita 2 juu. Mnaona faida? Kuteremsha waya kidogo kunaokoa wati 7. Na anayeandika kwa mkono wa kuume aweke taa upande wa kushoto, kusudi kivuli cha mkono kisifunike maneno.

Sebule. Taa moja katikati inatosha, wati 7 hivi. Ukuta ukipakwa chokaa nyeupe, ao pemba, mwanga unarudishwa chumbani. Ukuta mweusi unameza mwanga ulioununua.

Vyumba vya kulala. Wati 3 kwa kila kimoja. Swichi iwe karibu na mlango, na kama feza inatosha, nyingine karibu na kitanda.

Baraza na njia ya choo. Ampulu ndogo ya wati 2 inaweza kuwaka usiku kucha. Inaonyesha ngazi, inaonyesha nyoka, na mwizi haipendi.

Kumbukeni tena kwamba dirisha ni taa isiyolipiwa. Chumba chenye dirisha zuri hakitaombea ampulu saa nane ya mchana.

3. HESABU YA JUA

Sasa tupime. Wati ni nguvu. Wati ukizizidisha kwa saa unapata wati-saa, ndizo chakula ambacho nyumba inakula kila siku. Tutazame nyumba ya watu saba:

Sebule: wati 7 × saa 4 = 28
Meza ya kusomea: wati 3 × saa 3 = 9
Jiko: wati 5 × saa 3 = 15
Vyumba vitatu: wati 3 × saa 1 × 3 = 9
Choo: wati 3 × saa 1 = 3
Baraza: wati 2 × saa 11 = 22
Simu tatu: wati-saa 10 × 3 = 30
Redio: wati 5 × saa 4 = 20
Jumla: wati-saa 136 kwa siku.

Angalieni vizuri. Taa zote nane pamoja zinakula 86 tu. Hiyo ni faida ya LED. Ampulu ya zamani ya wati 60, ile ya uzi wa moto, peke yake ingekula 240 kwa saa nne, nayo haiangazi kuliko LED ya wati 7 ao 8. Na LED ya wati 5 inashinda mishumaa 30.

Pano. Njiani umeme unapotea kidogo: katika waya, katika batri, katika vumbi juu ya kioo. Tugawanye kwa 0.7. 136 ÷ 0.7 = 194. Tena tuhesabu kwamba siku moja inatupatia saa 4 za jua kamili, maana kuna mawingu na asubuhi jua ni hafifu. 194 ÷ 4 = wati 49 hivi. Pano ya wati 50 itakuwa inahema. Nunua ya 80, na wakati wa mvua hautalala gizani.

Batri. 136 ÷ volti 12 = karibu ampea-saa 11.3 kwa usiku mmoja. Tutake usiku mbili, ikiwa jua halikuonekana: 22.6. Lakini batri ya risasi, kama ile ya motokari, haipendi kumalizwa. Ukiikausha mpaka chini kila siku inakufa upesi. Itumie nusu tu. Basi 22.6 × 2 = 45. Batri ya ampea-saa 50 inafaa. Batri za litiamu zinavumilia kutumiwa zaidi ya nusu, lakini bei yake ni juu.

Je, mkitaka televizyo? Ya wati 30 kwa saa nne inakula 120. Karibu nyumba nzima nyingine! Hatukatazi televizyo. Tunasema tu ihesabiwe kabla ya kununua pano, isije ikaleta giza jikoni. Na pasi ya umeme? Wati 1,000 kwa volti 12 ni ampea 83. Hiyo itayeyusha waya. Pasi ya makaa ibaki na heshima yake.

Kuelekeza pano. Kabambare iko kusini ya ikweta, karibu digri 5. Kwa muda wa miezi saba hivi, toka mwezi wa tatu mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi, jua la saa sita linapita upande wetu wa kaskazini. Kwa hiyo pano itazame kaskazini, na iinamishwe digri 10 mpaka 15, kusudi mvua iioshe na maji yasitulie juu yake. Kabla ya kujenga, tazama miti. Muembe ulio kaskazini ya nyumba unaweza kuiba nusu ya umeme wako. Ni heri kugeuza paa kwenye karatasi kuliko kukata muembe wa babu.

4. UNENE WA WAYA

Hapa ndipo wengi wanapopoteza feza. Wanasema: «Volti 12 ni kidogo, basi waya mwembamba unatosha.» Ni kinyume kabisa.

Nguvu ni volti mara ampea. Kwa nguvu moja, volti zikipungua ampea zinaongezeka. Vifaa vya wati 36 kwa volti 220 vinavuta ampea 0.16 tu. Kwa volti 12 vinavuta ampea 3. Na ampea ndizo zinazochosha waya.

Tuchukue waya wa shaba wa mita 15 toka batri mpaka prizi. Umeme unakwenda na kurudi, basi tuhesabu mita 30. Ukinzani ni 0.0175 mara urefu, gawanya kwa unene katika milimita za mraba. Tukivuta ampea 3:

Waya wa 0.75: volti 2.1 zinapotea njiani
Waya wa 1.5: volti 1.05 zinapotea
Waya wa 2.5: volti 0.63 zinapotea
Waya wa 4: volti 0.39 zinapotea

Kwa waya ule mwembamba wa redio, toka volti 12 zinafika 9.9 tu. Televizyo inakataa kuwaka, na mwenye nyumba anasema batri ni mbaya. Batri haina kosa. Kanuni nzuri ni kwamba njiani isipotee zaidi ya sehemu 5 kwa mia, ndiyo volti 0.6. Kwa hesabu hii 2.5 imekaribia sana, na 4 ndiyo ya kutulia.

Kwa volti 220, waya wa 1.5 kwa taa na 2.5 kwa prizi ndio unaotumiwa kwa kawaida. Basi tupange hivi: tangu leo, tutie 2.5 kwenye njia za taa na 4 kwenye njia za prizi. Zinafaa kwa jua sasa, na umeme mkubwa ukija, ukuta haubomolewi.

Tena weka batri katikati ya nyumba, karibu na pahali penye kazi nyingi. Mita tano za waya mnene zilizopunguzwa kwenye karatasi ni feza ya daftari na kalamu za mwaka.

5. SWICHI NA PRIZI

Swichi iwe upande wa kitasa cha mlango, si upande wa bawaba. Ukifungua mlango gizani, mkono unaikuta mara moja. Mara ngapi tunaona swichi iliyofichwa nyuma ya mlango! Kosa hilo lilitokea kwa sababu fundi wa waya hakujua mlango utafunguka upande gani. Chora mlango kwenye karatasi pamoja na upinde wa kufunguka kwake. Kimo: mita 1.10 hivi toka sakafuni, hata mtoto wa darasa la kwanza anaifikia.

Kwa umeme wa 220, swichi ikate waya wa moto, si ule wa bluu wa kurudia. Ikikata wa bluu, taa inazimika kweli, lakini umeme bado unasubiri ndani ya kishikio cha ampulu, na anayebadilisha ampulu anaweza kufa. Rangi ni hizi: bluu ni wa kurudia, kijani na manjano ni wa ardhi, na kahawia, nyeusi ao nyekundu ni wa moto. Kwa volti 12, nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Fundi asichanganye rangi hata kama zilizobaki ni chache.

Prizi zipangwe kufuata meza na viti. Jiulize: redio itakaa wapi? Simu zitachajiwa pahali gani, na mtoto mdogo hafiki? Mwalimu atasahihisha mitihani kwenye meza gani? Nyumba yenye prizi moja inazaa ralonji. Ralonji moja inazaa nyingine, zinapita chini ya mkeka, zinakanyagwa, ganda linapasuka, na mkeka unashika moto. Prizi mbili zilizopangwa vizuri zinazuia hatari hiyo.

Katika vyumba vikavu, sentimita 30 toka sakafuni ni desturi. Lakini kwetu sakafu inaoshwa kwa ndoo, na nyumba nyingine maji ya mvua yanaingia. Basi mita 1 ni salama zaidi. Jikoni, mita 1.20, mbali na maji na moto. Pahali pa kuogea, hapana prizi hata moja.

Na hili msilisahau: prizi ya volti 12 na prizi ya volti 220 zisifanane kwa sura. Zikifanana, siku moja mtu atachomeka redio ya 12 kwenye 220, nayo itafanya moshi. Chagua sura mbili tofauti, na andika volti juu yake kwa rangi.

6. MOTO, BATRI NA RADI

Watu husema jua haliui. Ni kweli kwamba volti 12 haitakurusha. Lakini batri inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Nyaya zake mbili zikigusana, waya unakuwa mwekundu kama kaa la moto, na kama paa ni la majani, nyumba imekwisha. Kwa hiyo fizibli ikae karibu kabisa na batri, kwenye waya chanya. Waya wa fizibli iliyokatika usibadilishwe kwa msumari ao kwa karatasi ya sigara. Fizibli ni mlinzi. Ukimfunga mlinzi mikono, usishangae mwizi akiingia.

Batri ya risasi ikichajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na cheche, tena ndani yake kuna asidi. Isikae chini ya kitanda. Iundie sanduku lenye matundu, juu ya sakafu, mbali na jiko na mbali na watoto. Pahali hapo, chora tangu mwanzo.

Mwenye grupu asiiwashe ndani ya nyumba hata mvua ikinyesha. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, monoksidi ya kaboni, na watu wanalala bila kuamka. Wala asiunganishe grupu na nyumba kwa waya wenye meno pande mbili. Anayeshika meno yaliyo wazi anashika umeme.

Sasa radi. Wataalamu walihesabu umeme wa mbinguni kwa chombo cha angani kwa miaka 16, toka 1998 mpaka 2013, na habari zao zilitolewa mwaka 2016. Pahali pa kwanza duniani palikuwa ziwa Maracaibo huko Venezuela. Pa pili, Kabare katika Kivu ya Kusini. Pa tatu, Kampene, katika Maniema yetu hii, karibu miali 177 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka! Basi sisi si watu wa kudharau radi.

Kabla ya msingi kufunikwa, piga ardhini nondo ya shaba, ao ya chuma kilichopakwa zinki, mita 1.5 ao zaidi, pahali penye unyevu. Hiyo ndiyo «ardhi» ya nyumba. Kiunzi cha pano kifungwe nayo kwa waya mnene, na siku umeme wa 220 ukifika, prizi zote zifungwe nayo. Siku hiyo pia nunua dijonkta ya milliampea 30, ile inayokata yenyewe umeme ukianza kupita ndani ya mwili wa mtu. Ardhi haizuii radi kupiga, lakini inaionyesha njia ya kushuka. Na dhoruba ikija, chomoa vyombo vyote, usishike waya.

7. UKUTA NA PAA

Kama ni matofali ya kuchoma, tia mabomba membamba ya plastiki ndani ya ukuta kabla ya kupiga krepi. Yapite wima, toka juu kushuka mpaka swichi. Usichimbe mfereji mrefu wa kulala katika ukuta, sababu unaudhoofisha. Kama ni matofali mabichi, usichimbe kabisa. Pitisha nyaya juu ya ukuta kwa vishikio, zionekane wazi, zinyoke. Hakuna aibu katika waya unaoonekana, ikiwa umenyooka.

Bomba likiwa tupu, pitisha ndani yake uzi wa nailoni. Mwenye feza kidogo leo atie mabomba na uzi tu. Mwaka kesho atafunga waya kwenye uzi na kuuvuta. Hiyo ndiyo siri kubwa ya somo hili: bomba tupu ni rahisi kwa bei, ukuta uliobomolewa ni ghali.

Maungio yote yakae ndani ya visanduku vya kuungia, yasifichwe ndani ya krepi wala ndani ya majani. Panya anapenda kutafuna waya uliofichwa. Chini ya paa la majani, kila waya uwe ndani ya bomba.

Mwisho, chora ramani ya nyaya jinsi zilivyopita kweli, na kuitunza pamoja na hati za kiwanja. Anayepigilia msumari wa kalenda miaka kumi mbele atashukuru.

KAZI YA NYUMBANI

1. Chora nyumba yenu kwenye daftari, mita 1 iwe sentimita 1. Andika majina ya watu wote na kazi yao ya usiku. Kisha tia taa.
2. Fanya hesabu ya wati-saa kwa nyumba hiyo. Unahitaji pano ya wati ngapi na batri ya ampea-saa ngapi?
3. Jiko liko mita 20 toka batri, na ampulu yake ni ya wati 5 kwa volti 12. Je, waya wa 1.5 unatosha? Onyesha hesabu.
4. Kwa nini taa ya mwanafunzi ya wati 3 inaweza kushinda taa ya wati 10?
5. Onyesha ramani yako kwa mama kabla ya kumwonyesha baba. Muulize: «Mama, taa ya jikoni nimeiweka pahali pazuri?» Andika jibu lake. Kama anasema iondolewe hapo, iondoe, sababu yeye ndiye anayejua pahali kisu kinapofanya kazi.

Wanafunzi, matofali yanachomwa wakati wa kiangazi. Kiangazi kinakuja. Wale ambao wazazi wao wamekwisha kufyatua, pelekeni ramani nyumbani mapema, kabla fundi hajanyoosha kamba ya msingi.